Kiinua Mgongo cha Nesi Veronika

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja wa kiangazi nikiwa nimesimama mbele ya darasa la tano huko Biharamulo, chaki mkononi, simu ikaita ndani ya mkoba wangu. Siku zile simu ya mkononi ilikuwa bado kitu kigeni, na kwetu Murusagamba mtu akitaka kupiga ilimbidi apande kilima mpaka kwenye mawe ya juu kabisa, azunguke huku na huku, ndipo mtandao umkubali. Hakuna aliyepanda kilima kile kwa ajili ya kusalimia tu. Simu ya nyumbani ilikuwa simu ya neno zito.

Aliyepiga alikuwa baba mdogo Laurenti, mdogo wa marehemu baba yangu. Sauti yake ilikuja ikakatika, ikaja tena ikakatika. "Ferista," aliita, maana hajawahi kulitamka jina langu, Felista, kama lilivyoandikwa kwenye cheti cha ubatizo. "Ferista, njoo haraka. Mama yako... jeneza... limeshushwa kwenye lori... watu wamejaa uwanjani..." Kisha kimya. Nikapiga mimi, haipatikani. Nikarudia, haipatikani.

Sikulia, mwanangu. Niligeukia ubao nikamalizia neno nililokuwa naliandika, nikaweka nukta, ndipo nikaanguka. Walimu wenzangu waliniokota sakafuni. Mmoja alivua kanga yake akanifunga kichwani kama afungwavyo mfiwa, mwingine akanisindikiza mpaka stendi.

Nikueleze kwanza mama yangu alikuwa nani. Veronika alikuwa nesi mkunga wa zahanati kwa miaka zaidi ya thelathini. Kata nzima ilimwita Nesi, hata wazee waliomzidi umri. Baba alifariki mapema, akanilea peke yake, nami sikuwa na ndugu wa tumbo moja. Mshahara wake ndio ulionipeleka chuo cha ualimu. Alikuwa amestaafu miezi mitatu tu kabla ya simu ile, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimeshatoka.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sikuwahi kulikiri popote. Ndani ya gari lile la kwenda Ngara, katikati ya machozi, nilijikuta nawaza mabati. Nyumba yangu ya Biharamulo ilikuwa imesimama kuta tupu, inanyeshewa msimu wa pili, nami nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba kiinua mgongo cha mama ndicho kitakachoiezeka. Mama kwa imani yangu yumo kwenye jeneza, na mimi nawaza mabati! Nilijishtukia, nikajifinya paja mpaka likavimba. Moyo wa mtu ni kichaka, mwanangu, na mwenye kichaka naye hajui vyote vilivyojificha humo.

Ngara mjini nilichukua pikipiki. Barabara ile mnaijua, sina haja ya kuisimulia. Nilifika vumbi limenipaka mpaka kope, nikashuka pikipiki haijasimama sawasawa, nikapiga yowe.

Uwanja ulikuwa umejaa kweli. Lakini hakuna aliyelia. Watu waligeuka wakanitazama kama mbuzi wanavyomtazama mgeni. Na katikati yao, juu ya kigoda, kisu mkononi, ndizi mbichi mapajani, alikuwa amekaa mama yangu.

"Felista?" alisema. "Mbona umefungwa kanga hivyo? Nani amefariki?"

"Wewe!" nikamjibu.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mama alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Mimi nilibaki nimesimama, mdomo wazi, sijui nilie au nimkumbatie, na kabla sijachagua, macho yangu yakaangukia kile kitu.

Kilikuwa kimewekwa chini ya paa la jiko, blanketi limefunuliwa nusu. Kirefu kama mtu, cha chuma, kimepakwa rangi nyeupe ya kung'aa, kina miguu minne iliyopinda kama ya simba. Sinki la kuogea, mwanangu. Lile la kulala ndani. Lilikuwa limefika juu ya lori likiwa limeviringishwa blanketi na kufungwa kamba, na aliyeliona wa kwanza akapiga kelele kwamba Nesi ameletewa jeneza. Habari ikatangulia, ukweli ukafuata nyuma kwa miguu.

"Ni langu," mama aliniambia, akiwa na uso wa binti anayeonyesha gauni la Krismasi. "Limetoka Mwanza. Unalala humo, maji ya moto yanakufika shingoni."

Mama yangu alikuwa hai. Nilipaswa kupiga magoti pale pale nimshukuru Mungu. Badala yake nilipandwa na hasira, na hasira hasara. Nilimwona mama akichekwa. Niliwaona vijana wakinong'ona, "Mtumbwi wa Nesi." Tena nitasema kweli yote: niliyaona mabati yangu yamegeuka sinki.

"Mama, umerogwa?" nilimwuliza mbele ya watu wote. "Hapa watu wanashuka bondeni nusu saa kutafuta ndoo moja ya maji ya kunywa, wewe unataka kulala ndani ya maji? Mwanamke wa miaka sitini? Mjane? Watu watatuonaje?"

Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini nimeona ukivunja penye mifupa. Kicheko kilikatika uwanjani. Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja. Mama aliokota kisu chake, akaendelea kumenya ndizi.

Kesho yake asubuhi niliitisha kikao cha ukoo. Nilijiona nina haki. Si nimesoma, si mimi ndiye mtoto? Baba mdogo Laurenti alikuja na wazee wawili. Alisema, "Shemeji, jambo hili limefika mpaka Mbuba. Wanasema Nesi amepandwa na akili za Kizungu." Mama alijaribu kueleza. Alisema fundi ameshamjengea kijichumba cha matofali nyuma ya nyumba, kwamba kuna pipa la kukinga maji ya mvua, kwamba bomba litatoka sinkini mpaka kwenye migomba na hakuna tone litakalopotea. Tulimsikiliza kama anavyosikilizwa mtoto anayeeleza kwa nini amechelewa shule. Hakuna aliyemwuliza sinki la nini. Naona ajabu mpaka leo. Watu wanne tulikaa pale asubuhi nzima, na swali hilo moja halikumtoka hata mmoja wetu.

Tukaamua. Baba mdogo alikuwa mpishi mashuhuri wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na gogo lake la kukamulia lilikuwa limepasuka. Alichukue sinki yeye. Angalau lifanye kazi.

Wanaume wanne walilifunga kwenye miti miwili, wakalibeba kama tunavyombeba mgonjwa kwa machela. Lilikuwa zito, upande mmoja ukagusa ardhi. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilitegemea alie au anilaani. Alisema tu, "Msiliburuze, litachubuka." Kisha akaingia ndani, akafunga mlango polepole.

Nilirudi Biharamulo kifua mbele. Nilijiona nimemwokoa mama yangu na aibu.

Miezi miwili baadaye lori lilisimama mbele ya nyumba yangu, likashusha mabati. Mama ndiye aliyeyatuma, yote, na misumari yake, kwa kilichobaki cha kiinua mgongo. Hakuna barua, hakuna neno. Na mimi, mwanangu, niliyapokea. Nikaita mafundi. Mvua ya kwanza iliponyesha juu ya bati jipya nilijifunika shuka nikasema, "Sasa hii ndiyo matumizi ya akili."

Ikatimia miezi tisa tangu sinki lichukuliwe. Likizo moja niliitwa Ngara mjini kwa shughuli za shule, na nilipomaliza nikaingia dukani kwa Bi Zuhura kumsalimia. Bi Zuhura alikuwa rafiki wa mama tangu ujana wao. Ukoo wake ni watu wa pwani. Babu yake alifika Ngara na mzigo wa nguo akaoa, akabaki. Yeye aliuza vitenge, mashuka na manukato, na watoto wake wanne wote walipokelewa na mikono ya mama. Mmoja Muislamu, mmoja Mkatoliki, lakini Idi walikula pamoja na Krismasi walikula pamoja.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa." Alinimiminia kahawa ya tangawizi, akanisogezea sahani ya kashata. "Haya nieleze. Sinki la mama yako linaendeleaje? Maana nimelihangaikia mimi lile. Shemeji yangu alilipata kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa ikibomolewa Mwanza, nikasimamia mpaka likapakiwa. Mwezi uliopita mama yako alipita hapa, nikamwuliza, akaniambia, 'Zuhura, nalala mle kama mtoto mchanga.' Nilifurahi mpaka nikatokwa na machozi."

Mama hakuwa ameingia kwenye sinki lile hata siku moja. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumdanganya mgonjwa hata juu ya uchungu wa dawa, alikuwa anamdanganya rafiki yake wa miaka arobaini. Nikaelewa kwa nini. Alikuwa ananificha mimi. Hakutaka Bi Zuhura ajue kwamba Felista aliyemsomesha ndiye aliyefanya vile.

Ningeweza kunyamaza. Ningesema, "Linaendelea vizuri," nikanywa kahawa yangu nikaondoka. Sijui ni kitu gani kilinifungua mdomo.

"Bi Zuhura," nilisema, "sinki halipo kwa mama. Nilimnyang'anya. Liko kwa baba mdogo Laurenti. Anapikia pombe."

Aliweka kikombe chini. "Anapikia nini?"

"Pombe ya ndizi."

"Subhanallah." Mteja aliingia kuulizia shuka, Bi Zuhura akampungia mkono atoke. Kisha akavuta kiti chake karibu mpaka magoti yetu yakagusana. "Wewe ni mwalimu, Felista. Nifundishe basi mimi niliyeishia darasa la nne. Kile wanachopewa wastaafu, kwa Kiswahili kinaitwaje?"

"Kiinua mgongo."

"Mgongo wa nani?"

Nikainama.

"Nakuuliza, mwalimu. Mgongo wa nani?"

"Wa aliyestaafu," nilijibu kwa sauti ya mwanafunzi.

"Basi hukujua kusoma," alisema Bi Zuhura.

Ndipo akanisimulia. Mama alipokuwa nesi mchanga alipelekwa Mwanza kwenye mafunzo, akapangishwa kwenye nyumba moja ya zamani yenye sinki kama lile. Jumapili moja mchana, wenzake wametoka kutembea, alijaza maji ya moto akajilaza. Tayari mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua, maana vitanda vya kuzalishia vilikuwa vifupi na yeye alikuwa mrefu. Alikaa mle mpaka maji yakapoa, akatoka hana maumivu, akalala kama hajawahi kulala. Alirudi Murusagamba na siri hiyo. Zaidi ya miaka thelathini, kila alipoamshwa kwenda kuzalisha, kila alipoinama, alijiambia, "Subiri, Veronika. Ukistaafu."

"Hakutaka gari," Bi Zuhura alisema. "Hakutaka dhahabu. Alitaka maji ya moto. Na wewe hujui kwamba mama yako hawezi tena kuinama kufunga viatu? Hujui kwa nini misa nzima anasimama?"

Nilikuwa nimemwona akisimama, mwanangu. Nilikuwa nimedhani ni uchaji. Nilikuwa hata nimewasimulia wanafunzi wangu kwa fahari: mama yangu anavyomheshimu Mungu, hakai kanisani.

"Akikaa kwenye benchi lile hawezi kuinuka bila kushikwa," Bi Zuhura alisema. "Na hataki watu wamwone akishikwa."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo nilikuwa nimeifundisha madarasa sijui mangapi, nikawapa watoto na mitihani juu yake.

Nilitoka dukani nikiwa siioni njia. Sikurudi Biharamulo. Nilipanda pikipiki mpaka kwa baba mdogo. Nililikuta sinki chini ya migomba, limejaa rubisi mpaka ukingoni, limefunikwa majani, povu linapumua. Ule weupe uliong'aa ulikuwa umegeuka kahawia kwa utomvu wa ndizi.

"Baba mdogo, nimelifuata sinki."

"Pombe inaiva kesho kutwa," alisema.

"Nalitaka leo."

Alicheka, akidhani ni mzaha. Nikainunua pombe yote. Nikawaita majirani waje na madumu, vibuyu, sufuria, chochote, wachote bure. Mwanangu, habari ya kifo haikuwahi kukusanya watu upesi namna ile. Pombe yenyewe ilikuwa bado changa, na nasikia matumbo ya kitongoji kizima yalinguruma siku mbili. Lakini wakati wakichota, nilimvuta baba mdogo pembeni nikamweleza juu ya mgongo. Alikaa chini kwenye majani makavu. Akasema, "Mke wangu amejifungulia mikononi mwa Nesi mara saba. Sikuwahi kufikiri kwamba Nesi naye ana mwili."

Niliteremka na sinki mpaka kijitoni, wanaume wanne wa baba mdogo wakilibeba, nikalisugua kwa majivu na majani magumu tangu saa nane mpaka jua likapunga. Kucha zilikatika. Weupe ulirudi, ila mstari wa kahawia uliozunguka pande zote, pale pombe ilipokuwa inafikia, haukutoka. Haukutoka kamwe.

Asubuhi yake tulimpelekea. Baba mdogo mwenyewe alishika ncha ya mbele. Mama alitokea mlangoni akiwa ameshikilia fremu, na kwa mara ya kwanza niliuona mkono ule jinsi ulivyokuwa unashikilia. Si mkono wa mtu anayeegemea. Ni mkono wa mtu anayezuia kuanguka.

"Nani amekwambia?" aliniuliza.

"Bi Zuhura."

"Zuhura ana mdomo." Alilitazama sinki, akapitisha kidole kwenye ule mstari. Nilisubiri. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha njia nzima. Akasema, "Na maji atachota nani? Pipa halina kitu, ni kiangazi."

"Mimi, mama."

Nikashuka bondeni na ndoo. Safari ya kwanza nilikuwa peke yangu. Ya pili, mwanamke mmoja aliyekuwa akifua aliniuliza maji mengi hivyo ya nini, nikamjibu, "Ya Nesi kuoga." Akaacha nguo zake akajaza ndoo. Akamwita mwenzake. Nilipokuwa napanda mara ya tatu tulikuwa wanawake tisa, mmoja nyuma ya mwingine, na hakuna aliyecheka mtumbwi wa mtu. Tuliyachemsha uani kwenye meko mawili, tukajaza kile kijichumba mvuke mpaka ukuta ukalia machozi.

Mama aliwashukuru, wakaondoka. Nikamsaidia kuvua. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipopigwa na butwaa kuliko siku ya jeneza, kuliko siku ya Bi Zuhura. Sikuwahi kuuona mgongo wa mama yangu tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Ulikuwa umepinda upande, na kuanzia kiunoni mpaka katikati ulikuwa umejaa makovu ya moto. Mengine ya zamani, meusi. Mengine mapya, bado mekundu.

"Mama, nani amekuunguza?"

"Jiwe," alisema, kama anayetaja hali ya hewa. "Naliweka motoni, nalifunga kwenye kitambaa, najikanda. Lakini nikiwa peke yangu sioni ninapoliweka."

Makovu mekundu yalikuwa ya miezi ile tisa. Hakuhitaji kuniambia, na hakuniambia.

Nilimshika kwapani akaingia. Alishuka kidogo kidogo, mguu, kisha mwingine, kisha kiuno, akifumba macho, na maji yalipomfika shingoni alitoa pumzi moja ndefu ambayo nadhani alikuwa ameizuia tangu Mwanza. "Toka sasa," alisema. "Funga mlango, mvuke unatoka."

Nikakaa nje kwenye tofali. Kukawa kimya. Kimya kikazidi. Nikamwita, "Mama?" Hakuna jibu. "Mama!" Hakuna. Nikaona nimemrudishia mama yangu sinki ili limuue, nikausukuma mlango kwa bega. Alikuwa anakoroma. Kelele zangu zilimwamsha akanitazama kwa hasira ya kweli, ya kwanza kuiona kwake kwa muda mrefu.

"Felista! Hata nikistarehe nusu saa lazima uitishe kikao?"

Nilicheka nikilia. Naye akacheka, maji yakamwagika sakafuni.

Mama aliishi miaka minne baada ya siku ile. Jumamosi ilikuwa siku yake, na wanawake wa bondeni walipokezana zamu ya ndoo wakati wa kiangazi, pipa lilipokauka. Mgongo haukupona, lakini aliacha jiwe. Wiki za mwanzo sinki lilikuwa bado linanuka rubisi, naye alikuwa akisema ndiye Mkatoliki pekee anayelewa kwa kuoga. Kisha Bi Zuhura akamletea sabuni ya waridi na chupa ya mafuta mazuri, na mama akawa mzee mwenye kunukia kuliko maharusi wote wa kata.

Siku moja nilipata ujasiri nikamwomba msamaha kwa maneno kamili. Aliniwekea mkono kichwani. "Nilikusamehe siku ile ile," alisema. "Nilikuwa nimeshakusamehe kabla hawajamaliza kufunga kamba. Lakini mwanangu, mgongo hausamehi. Wenyewe ulikuwa unauma tu."

Maneno hayo hayana ukali hata kidogo, na hakuna yaliyonichapa zaidi. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba ukisamehewa mambo yamekwisha. La. Mama alinisamehe, na miezi tisa haikurudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nimeyasema haya leo kwa sababu juzi nimewasikia ninyi vijana mkimcheka yule jirani yetu dereva mstaafu aliyejinunulia kiti kikubwa cha ngozi, kile kinachoinua miguu na kulaza kichwa. Mmempiga picha akiwa amesinzia, mkaisambaza kwenye kundi la WhatsApp, mkaandika, "Pensheni imemkolea." Nilishtuka nilipoona na jina lako, mwanangu, kati ya waliocheka. Mtu yule ameendesha malori ya mizigo kutoka hapa mpaka pwani tangu hujazaliwa, amelala amekaa miaka yote hiyo. Ulimwuliza kwa nini anataka kulala huku amekaa vizuri? Hukumwuliza. Na hata asingekuwa na sababu, hata kama anakipenda kiti tu kwa kuwa ni kizuri, je, hiyo nayo siyo sababu?

Basi nisikilize. Mzee akijinunulia kitu usichokielewa, mfungie kwanza mdomo wako, kisha umfungulie masikio. Muulize kinamfaa nini, na uulize ukiwa mmekaa wawili, si mbele ya watu. Ukiona anadanganywa na wajanja, au anakula na walio chini yake wanalala njaa, sema naye, kwa adabu, kwa upole, maana uzee siyo kinga ya kukosea. Lakini chunguza moyo wako kabla hujafungua kinywa. Jiulize kama unalilia heshima yake au unalilia mabati yako. Mimi nilidhani nalilia heshima. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Jasho lililonunua kile kitu limetoka kwenye ngozi ambayo siyo yako.

Na ninyi mnaofanya kazi sasa, msiweke raha yote kwenye kibubu mkisubiri siku ya kustaafu. Mama alisubiri zaidi ya miaka thelathini kwa ajili ya maji ya moto, halafu mwanawe mwenyewe akamwongezea miezi tisa. Jipatieni kidogo njiani, na wapeni wazazi wenu kidogo njiani, wakati mgongo bado unajua kunyooka.

Mimi nami sasa nimestaafu. Mwezi uliopita nimejinunulia viatu vyekundu vya ngozi laini, vya visigino vifupi, navivaa hata kwenda sokoni. Wanangu wa kuwazaa wamevitazama, wakanitazama mimi, wakatazamana. Sijawaeleza kitu, na sitawaeleza.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe kazi ya halali na nguvu za kuifanya. Akufikishe kwenye uzee ukiwa na meno ya kutafunia na mgongo wa kuegemea. Akupe siku hizo kitu kimoja kizuri ambacho hakimfai mtu mwingine yeyote ila wewe, na watoto watakaokiona, wakashtuka, wakanyamaza, kisha wakashuka bondeni kukuchotea maji. Amina.